MAONGOZI YA NYUMBANI: Makochi Mema kwa Fedha za Wastani

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, walakini limevuruga hisabati ya nyumba nyingi, nalo ni ununuzi wa makochi ya sebuleni. Huenda mtu akasema, "Mwalimu wa chuo na makochi, wapi na wapi?" Twamjibu ya kuwa mtu ataulizwa juu ya mali yake, ameichuma wapi na ameitumia katika nini, na makochi ni katika vitu vinavyokula fedha nyingi kwa mara moja.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sofa asili yake ni neno la Kiarabu, suffa. Waturuki walilichukua, kisha Wazungu, likatufikia sisi kwa mzunguko huo. Na suffa ilikuwa ni ukumbi wenye kivuli katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina, walipokuwa wakikaa na kulala masahaba mafakiri wasiokuwa na nyumba, mmoja wao Abu Huraira. Neno tunalolionea fahari leo lilikuwa jina la mahali pa kusitiriwa maskini. Hatusemi ya kwamba watu wote wakae chini. Twasema ya kwamba kochi ni la kumpumzisha aliyechoka na kumkirimu mgeni, wala si la kumtia jirani wivu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Jabir bin Abdillahi hadithi ya matandiko: la mume, la mke, na la mgeni, ama la nne limenasibishwa na shetani. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio yake ni kile kinachozidi haja, kinachowekwa kwa kujifakharisha.

Basi anza na watu wako kabla ya kwenda dukani. Hesabu ni nani watakaokikalia kiti hicho kila siku. Ikiwa yumo bibi mwenye maumivu ya magoti, kochi la chini lenye kina kirefu litakuwa kifungo kwake. Hatainuka mpaka avutwe mkono. Twazijua nyumba zilizonunua makochi ya namna hiyo, na mama mzee akarudi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango, akawaachia wageni ile anasa. Mtoto aliyetoa fedha alikusudia kumstarehesha mama yake, naye ndiye pekee asiyeweza kustarehe.

Kiti kinachowafaa watu wengi huwa na kimo cha sentimita 42 hadi 45 kutoka chini, na kina cha sentimita 50 hadi 55. Nenda na mzee wako, au mtu wa kimo chake, akae khasa: nyayo zikanyage chini, mgongo uegemee, na baina ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kisha ainuke mwenyewe. Akiinuka bila kuhangaika, kiti hicho ni chake.

Sisi tukaao Upanga tuna jambo jingine la kuliangalia. Wengi wetu tumo katika majumba ya ghorofa, na ngazi nyingi ni nyembamba tena zina kona. Kochi la watu watatu huwa na urefu wa karibu meta 2. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, pima upana wa mlango, wa ngazi, na wa ile kona. Ikiwa nafasi haitoshi, mwambie fundi aweke miguu inayofunguliwa, au akutengenezee makochi mawili ya watu wawili wawili.

Kwa mwenye fedha za wastani, mara nyingi kuagiza kwa fundi kuna faida kuliko kununua kilichokwisha funikwa. Mafundi wa Keko wamejulikana siku nyingi kwa kazi ya samani, na huko waweza kuiona fremu ikiwa bado tupu, kabla haijavikwa kitambaa. Tumewahi kuona kochi zuri la kutazama lililobonyea kabla ya mwaka. Lilipofunuliwa, ndani mlikuwa na maboksi na vipande vya magunia. Kwa hiyo omba kuiona fremu. Mninga, mkongo na mtiki ni mbao ngumu zenye kudumu, ila bei zake ni za juu. Mbao za paini, kama zile zitokazo msitu wa Sao Hill huko Mufindi, ni rahisi zaidi, nazo zafaa katika sehemu zilizofichika, madhali zimekauka sawasawa, zimetiwa dawa ya wadudu, wala hazina vifundo vikubwa. Mbao mbichi hujipinda, na viungo huachana. Viungo navyo viwe vya ulimi na tundu, vyenye gundi, au vikazwe kwa skrubu; misumari mitupu hulegea.

Kuna njia ya kulipima kochi lililokwisha kamilika. Shika pembe moja ya mbele uinyanyue kadiri ya sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele ukiwa bado umekanyaga chini, jua fremu ni dhaifu na inajipinda. Kisha bonyeza kiti katikati kwa goti. Ukigusa ubao, liache.

Ama sponji, hilo ndilo wengi hudanganyikiwa. Unene si dalili ya ubora, yatakiwa uzito. Sponji ya kukalia ifaayo huwa na kilo 28 hadi 30 kwa kila meta moja ya ujazo. Chukua mto wa upana wa sentimita 60 kwa 60 na unene wa sentimita 15: ukiwa na kilo 30 kwa meta ya ujazo, sponji yake itapata kilo moja na gramu 620. Ikipungua kilo moja, basi ni nyepesi mno, na baada ya miezi michache itakuwa bapa. Mizani ya dukani yatosha kuukata ubishi huu.

Kitambaa kichaguliwe kwa hali ya hewa yetu. Leza ya bandia hupendeza ikiwa mpya, lakini kwa joto na unyevu wa pwani humnata mtu mgongoni, na nyingi huanza kubambuka. Tafuta katika maduka ya Kariakoo kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, na umwambie fundi atie zipu katika foronya za mito ili zivuliwe na kufuliwa. Nyumba yenye watoto haiwezi kukosa chai iliyomwagika.

Asiyeweza kipya asione haya ya kilichotumika. Fremu ya mninga ya zamani, ikitiwa sponji na kitambaa kipya, yaweza kukishinda kitu kipya cha mbao mbovu. Ila lichunguze kwa tochi katika mishono na chini yake, kwani kunguni akiingia nyumbani humtoi kwa urahisi. Na uutazame unga wa mbao unaodondoka, ambao ni dalili ya wadudu.

Sasa mkataba. Kuagiza kitu kitengenezwe, mafakihi hukuita istisnai. Wanavyuoni wa Kihanafi wameuruhusu, na wengine wameutia katika hukumu za salamu. Na wote wamesisitiza kwamba kitu kielezwe wazi ili pasiwe na ujinga unaoleta ugomvi. Basi andikeni: mbao gani, vipimo gani, sponji ya uzito gani, kitambaa gani, bei, na siku ya kukabidhi. Nawe usimzungushe fundi malipo yake kazi ikiisha, kwani tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

La mwisho ni deni. Kuuziwa kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, kwa bei moja iliyokwisha patanwa, wanavyuoni wengi wamekuruhusu. Lakini nyongeza inayozidi kila ukichelewa ni riba, hata ikipewa jina jingine. Twawanasihi vijana wanaoanza nyumba: nunueni kochi moja imara mwaka huu, na jingine mwakani. Wengine hutumia upatu, kila mtu akapokea zamu yake bila ya ziada. Hapo katikati, mkeka na mito vyatosha, na mgeni anayekupenda atakaa. Ada ya shule ya mtoto haiwezi kungoja kama linavyoweza kungoja kochi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kinachotutosha, na atubarikie katika hicho. Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya vyombo vya jikoni. Wassalaam.