Krismasi isituache hoi
Kila Desemba Kituo cha Mabasi cha Magufuli, pale Mbezi Luis jijini Dar es Salaam, hufurika watu wanaokwenda kula sikukuu Moshi, Rombo na Machame, mkoani Kilimanjaro. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na wengi huianza bila usingizi kwa kuwa wamekesha wakifunga mizigo. Ninaowahofia zaidi ni wenye presha na kisukari. Dawa husahaulika mezani Dar es Salaam, au mtu huziacha makusudi ili anywe mbege, pombe ya ndizi, na ndugu zake kwa raha, kana kwamba presha nayo imekwenda likizo. Halafu wapo wakamwana. Mkamwana anafika usiku, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, na alfajiri anaamshwa amenye ndizi za ukoo mzima huku wanaume wakiota jua uani. Wanaiita mila, mimi naona ni uonevu, maana mashemeji nao wana mikono. Kuhusu michango ya ukoo, taja mapema kiasi unachokiweza, kwa sababu Januari inakuja na sare za shule, madaftari na kodi ya nyumba. Na aliyekosa nauli mwaka huu asijifungie ndani kwa aibu: apige simu, azungumze na mama. Ndugu msomaji, unapofunga begi, weka dawa zako mahali pa kufikika haraka, na mkifika nyumbani mwacheni mkamwana alale kwanza.