Baridi ya milimani: mutoe moto inje kwanza, kisha mufunge mulango



Kila mwaka, mwezi wa sita unapofika, simu zinazoingia ku redio zinabadilika. Mbele watu walikuwa wanauliza barabara iko namna gani, ao bei ya mihogo. Sasa wanauliza mablanketi. Mama mumoja anauliza kama kuna shirika linagawa. Papa mumoja anauliza kama ni kweli makala yatapanda tena. Juma hili niliamua nisijibu kwa dakika mbili tu ku antena. Niandike yote, nitoe na maoni yangu.

Rafiki yangu wa Kinshasa aliniuliza siku moja: "Baridi gani huko, na ninyi muko kwenye ikweta?" Ni kweli, mustari wa ikweta unapita hapa kwetu, kati ya Butembo na Lubero. Lakini baridi haiangalii ikweta, inaangalia mulima. Butembo iko juu kwa zaidi ya metre 1700, Lubero inakaribia 2000. Kila mutu akipanda metre 1000, joto linapungua karibu digri 6. Na wakati wa kiangazi mawingu yanakosekana usiku. Mawingu ndiyo blanketi ya udongo. Yakikosekana, joto la muchana lote linapanda mbinguni, na saa kumi ya usiku munasikia meno yanagongana.

Mutu anayelala ndani ya nyumba ya matofali, na godoro na blanketi mbili, anaweza kusema ni baridi kidogo tu. Wahenga walisema mwenye shibe hamujui mwenye njaa. Mwenye blanketi pia hamujui mwenye kulala chini ya bashi.

Mwaka 2024, mwisho wa mwezi wa sita, vita ilipofika Kanyabayonga, jamaa nyingi zilipanda barabara kuja upande wa Lubero na Butembo. Waliingia kwenye baridi, mwezi ule ule baridi inakuwa kali. Nilitembelea mama mumoja kati yao, alijenga kajumba ka miti na bashi nyuma ya nyumba ya watu waliomupokea. Alikuwa na watoto wane. Aliniambia kwamba nusu ya maharagi aliyopewa aliyauza, apate kununua makala. Nikashangaa. Akasema: "Mwana wangu, maharagi tunakula mara moja kwa siku, lakini baridi inakuja kila usiku."

Neno hilo sikulisahau. Mama yule hakuwa anachezea chakula. Alikuwa na hesabu yake, na hesabu yake ilikuwa sawa kwa mutu asiye na njia ingine. Lakini nilipoangalia ndani ya kajumba, nikaona kitu. Watoto walikuwa wanalala juu ya kirago kimoja, kwenye udongo, na nguo zote za jamaa zilikuwa juu yao. Chini yao hakukuwa kitu. Udongo ulikuwa unanyonya joto la watoto usiku kucha, na mama alikuwa ananunua makala ya kurudisha joto lile. Ni kama kujaza maji ndani ya ndoo iliyotoboka.

Maoni yangu ya kwanza ni hayo: hapa kwetu jamaa nyingi zinanunua joto lenye nyumba haiwezi kutunza. Joto la bei rahisi ni lile la mwili wenu wenyewe. Kazi ni kulizuia lisitoke.

Koko yangu hakusoma, lakini alijua hilo. Alikuwa anakausha majani ya ndizi na nyasi ku jua, anatandika chini, mukono mumoja wa unene, kisha kirago juu. Kila juma anayatoa, anayaanika tena, juu ya chawa na unyevu. Hiyo haina bei, inaomba tu mikono. Kama kuna makartoni, muyaweke pia. Ukiwa na blanketi mbili na huna godoro, moja iende chini. Watu wengi wanakataa, wanafikiri ni kupoteza blanketi. Mujaribu usiku mumoja, mutaniambia.

Upepo nao unaingia kwa chini. Muweke udongo ao mawe kuzunguka bashi, na mukiweza, mufunge nyasi ndani ya ukuta upande upepo unatoka. Kwa nyumba ya mbao, mupachike makartoni ao udongo wa mufinyanzi kwenye nafasi zilizo karibu na kitanda. Nafasi ya juu, karibu na manjanja, muiache wazi. Nitasema sababu.

Tena, mutoto asilale na nguo iliyolowa. Nguo mbichi inakula joto kuliko upepo. Afazali alale na kipande cha kitenge kikavu kuliko na pullover yenye maji. Kofia ya mutoto muchanga ni ya lazima, na mutoto aliyezaliwa akiwa mudogo alale kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kitenge juu yao wote wawili. Hiyo Shirika la Afya Duniani linaishauri kwa watoto wanaozaliwa na kilo kidogo, na waganga wetu wanaifundisha. Baba pia anaweza kumubeba hivyo. Haimuondolee mutu uanaume.

Sasa niongee juu ya jambo lililonifanya niandike.

Miaka fulani imepita, muke wangu alikuwa amejifungua mutoto wetu wa kwanza. Tulikuwa tunapanga chumba kimoja cha mbao. Usiku ule baridi ilikuwa kali, nikaingiza mbabula ndani. Nilingojea kwanza makala yawe mekundu kabisa, moshi uishe, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa na wakubwa: makala mekundu hayana hatari. Kisha nikafunga mulango, nikaziba chini kwa kitambaa. Nilijisifu hata, nikasema leo mutoto atalala vizuri.

Niliamuka usiku katikati na kichwa kinagonga kama ngoma. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilitambaa mupaka ku mulango, nikausukuma. Muke wangu alitapika. Mutoto alikuwa mulegevu mikononi mwangu, halii. Tulipokaa inje kwenye baridi ile tuliyokuwa tunaikimbia, mutoto akaanza kulia. Sijawahi kufurahi kilio namna ile.

Muuguzi wa santé alituelezea asubuhi. Makala yanapowaka yanatoa hewa ya sumu, inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haina moshi. Inaingia ndani ya damu, inakaa kwenye kiti cha oksijeni, na oksijeni inakosa fasi. Mutu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, mwili kulegea. Akiwa amelala, anaweza asisikie kitu, asiamuke tena. Asubuhi majirani wanasema ni uchawi, ao chakula kibaya, na wanaanza kutafutana. Mara ngapi tumesikia hayo kwenye mitaa yetu? Kabla ya kumushitaki jirani, muangalie kwanza kama kulikuwa mbabula ndani ya chumba.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi, hata watoto wanaweza kuishika: mutoe moto inje kwanza, kisha mufunge mulango. Siyo kinyume. Kama munapika ndani kwa sababu ya mvua ao usalama, mulango uwe wazi na ile nafasi ya juu isizibwe. Mukimaliza, mbabula itoke. Hata makala yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kutoa sumu. Mutu akipatikana amelegea, mumutoe inje mara moja, mumupeleke ku santé, anahitaji oksijeni. Maziwa na mafuta ya mawese hayasaidii hapo.

Kama munataka joto kitandani, kuna njia. Mawe mawili yaliyokaa pembeni ya moto wa kupikia, yafungwe ndani ya nguo nzito, yawekwe upande wa miguu. Ao maji ya moto ndani ya kibidoni kinachofunga vizuri, yasiwe yanachemuka, na kibidoni kifungwe ndani ya kitenge. Kisiguse ngozi ya mutoto. Joto lile linatoka kwa moto uliokwisha kulipia kwa kupika.

Tufike ku pesa. Mwenye pesa ananunua makala kwa gunia. Masikini ananunua kwa sashe. Muhesabu wenyewe sashe ngapi zinatoka ndani ya gunia moja, na muuzaji anapata faida gani. Anayelipa makala bei ya juu zaidi ndani ya muji huu ni yule aliyekimbia vita, siyo tajiri. Muuzaji simulaumu, naye anatafutia watoto. Lakini jamaa tano ao sita zikiungana, kama vile tunavyofanya likelemba na AVEC, zinaweza kununua gunia na kuligawa kwa ndoo. Nimeona akina mama wa mutaa wetu wakifanya hivyo, na hawarudi nyuma.

Na kupika kwetu kunakula makala mengi kwa sababu watu hawajui jambo hili: huku juu maji yanachemuka mapema, kwenye metre 2000 ni karibu digri 93, siyo 100. Ndiyo maana maharagi yanayoiva haraka kule Kasindi yanachelewa hapa Lubero. Kuongeza moto hakusaidii, maji hayawezi kupita joto lile. Kinachosaidia ni kulowesha maharagi usiku kucha, kumwaga maji yale, kufunika sufuria, na kupunguza moto maji yakianza kuchemuka. Kisha maharagi yakiwa yamechemuka vizuri na kuanza kulainika, mutoe sufuria na kifuniko chake, muiweke ndani ya kikapu ao kartoni iliyojaa nyasi kavu na nguo za zamani, mufunike vizuri. Yanaendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula, muyachemushe tena kidogo. Kwangu tulikuwa tunamaliza sashe mbili kwa siku, sasa ni moja. Ile ingine imekuwa sabuni.

Najua wengine watasema: muandishi, unatufundisha nyasi na mawe, wakati sisi tunaomba amani turudie kwetu. Muna haki. Mutu aliyeacha nyumba ya manjanja na mashamba hapaswi kushukuru kwa sababu ya majani ya ndizi. Nyasi si jibu la vita. Lakini amani hatujui itafika siku gani, na usiku wa leo utafika saa kumi na mbili. Mutoto anapaswa kuuvuka.

Kwa hiyo naongea pia na wakubwa. Mashirika yanapogawa bashi, mara nyingi yanahesabu mvua na jua. Bashi inazuia mvua, haizuii baridi. Ninaomba kila jamaa inayopewa bashi milimani ipewe na kitu cha kulalia chini, siyo cha kujifunika tu. Ninaomba mablanketi yafike mwezi wa tano, siyo mwezi wa tisa wakati kiangazi kimekwisha na picha zinapigwa. Na wale wanaotembea ku makambi kufundisha kunawa mikono, waongeze dakika tano juu ya mbabula. Dakika tano hazina bei.

Kwa viongozi wetu wa mitaa: musitu hauko mbali na hesabu hii. Kila sashe isiyowaka ni muti uliobaki umesimama, ndani ya mashamba yetu ya mikaratusi ao ndani ya Parke ya Virunga. Kupunguza makala siyo mazungumuzo ya wazungu. Ni pesa ya mama wa jamaa, na ni usalama wa mutoto wake.

Na ninyi jamaa mulizopokea wageni, mumefanya kazi kubwa kuliko mashirika yote. Ninaomba jambo moja tena: wakati wa kupika jioni, muite watoto wa wageni wakae pembeni ya moto wenu. Moto mumoja unaweza kupasha watoto kumi kama ulivyopasha wane, na hauombi makala zaidi.

Mama yule wa Kanyabayonga tulitandika naye nyasi siku ile ile, mimi na watoto wake. Nilirudi kisha siku chache. Hakuniambia kwamba baridi imeisha. Aliniambia tu kwamba mutoto mudogo hakuamuka tena usiku kulia, na kwamba maharagi ya juma lile yalikuwa bado ndani ya mufuko.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, muangalie mbabula iko wapi. Kama iko ndani, muitoe. Kisha mufunge mulango, mulale salama.