Kasongo na Kabambare: Masikio ya wafanyakazi hayaharibiwi na kelele peke yake

Salamabila, katika teritware ya Kabambare, inajulikana kwa dhahabu. Hapo ndipo ulipo mgodi wa Namoya, ambao kampuni ya Banro ilianza kuuendesha kibiashara mwaka 2016, na pembeni kuna wachimbaji wa kienyeji wanaoishi kwa mashimo yao. Mchimbaji akianza kusema «rudia» kila anapoongeleshwa, wenzake hulaumu mashine ya kusaga mawe. Wana haki, lakini nusu tu.

Mwaka 2018, taasisi mbili za Marekani zinazoshughulikia usalama kazini, OSHA na NIOSH, zilitoa onyo la pamoja: kemikali fulani huharibu masikio hata pasipo kelele. Zilitaja zebaki, risasi, gesi ya moshi wa injini na tolueni, ambayo imo ndani ya rangi, tina na essence.

Aliyewahi kumeza kwinini kwa ajili ya malaria anaelewa haraka. Masikio yalilia ngiii, ingawa dawa ilipita tumboni. Kemikali za kazini nazo huingia kwa pumzi au ngozi, damu ikazifikisha kwenye sikio la ndani na mishipa ya fahamu. Zikikutana na kelele, madhara hupita yale ambayo kila moja ingeleta peke yake. Tena kizibo cha masikio hakizuii moshi.

Zebaki, ile mercure ya wachimbaji, hushika chembe za dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Inachemka kwenye digrii 357, na mvuke wake hauna harufu. Ikichomwa jikoni au kwenye duka la mnunuzi, mama na watoto nao wanavuta. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliogunduliwa rasmi mwaka 1956 uliwapunguzia watu usikivu pamoja na mambo mengine mabaya zaidi. Wale walikula samaki wenye zebaki ya kiwanda; njia si ileile, sumu ni ya jamii moja.

Mjini Kasongo hakuna haja ya shimo. Fundi wa pikipiki anaosha vyuma kwa essence, mikono mitupu, injini ikinguruma karibu. Mpaka rangi anafanya kazi katika chumba kilichofungwa.

Dalili ya kwanza mara nyingi si ukimya. Mtu anasikia sauti lakini hashiki maneno, hasa penye kelele. Ndani ya shimo, hilo ni suala la uhai: udongo ukianza kuanguka, onyo ni kelele ya mwenzako tu.

Sheria ya kazi ya 2002 na ile ya usalama wa jamii ya 2016 zinamfikiria mfanyakazi mwenye mwajiri. Mchimbaji anayemuuzia mnunuzi dhahabu kwa gramu hana wa kumdai. Anabakiwa na SAEMAPE, idara ya serikali yenye jukumu la kuwasaidia wachimbaji wadogo, na muuguzi wa kituo cha afya.

Kuna yanayowezekana bila pesa nyingi: kuchoma zebaki ndani ya chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke, mbali na nyumba, kuacha mota ya pampu nje ya shimo, moshi ukielekea kwingine. Na muuguzi, mgonjwa akilalamika masikio, amuulize pia anafanya kazi gani na anashika nini.