Komedi nayo ina deni la mwisho

"Ile ni komedi tu, haihitaji mwisho." Nimeisikia kauli hii kwa waandaaji, kwa waigizaji, hata kwa watazamaji wenyewe. Tamthilia ya mapenzi lazima ifungwe, lakini mchezo wa kuchekesha unaruhusiwa kupotea hewani siku yoyote, na anayeuliza uliishia wapi anaonekana hana kazi. Naipinga kauli hii kwa nguvu zangu zote, kwa sababu inawadharau watu.

Dharau hiyo niliishuhudia hapa Dakawa, enzi televisheni zilipokuwa za kuhesabu na jenereta likiwashwa mtaa mzima unajua. Kulikuwa na mchezo wa kila wiki, wa vicheko mwanzo hadi mwisho, ila ndani yake alikuwamo dereva wa lori aliyemwacha mkewe na mimba akaenda kutafuta maisha. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa akishinda shambani kuamia ndege wasimalize mpunga. Jioni ananawa miguu, anachukua mkeka wake, anakuja kumsubiri yule dereva. Alimsubiri kama miaka miwili. Halafu wiki moja, saa ile ile, ukapigwa muziki. Wiki iliyofuata, muziki tena. Hakuna aliyetoa hata neno la kuaga. "Mjukuu wangu, yule kijana alirudi?" Aliniuliza hivyo mpaka mavuno.

Mtu wa Dakawa anaujua msimu. Mpunga ukishachanua, hakuna anayeutelekeza jarubani, maana kitalu, kupandikiza na kupalilia vyote vilikuwa vinaelekea siku ya kuvuna. Watu wa televisheni wamelichukua neno hilo hilo, msimu wa kwanza, msimu wa pili, wakayaacha mavuno.

Najua watakavyojibu: mchezo unaishi kwa mdhamini, akiondoka yeye kamera zinazimwa. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini anayeweza kuandika kwenye mkataba kwamba sabuni ionekane mara ngapi, anaweza pia kuandika kwamba fedha za vipindi viwili vya kufungia zitengwe mapema. Haviandikwi kwa sababu hakuna anayeamini kuwa vinahitajika. Kwa imani hiyo hiyo, mwigizaji akihama kikundi tunaambiwa mhusika wake "kasafiri", na safari hiyo haina marejeo.

Wapo ambao hawakupewa nafasi, na hao siwalaumu. Kenya, Charles Bukeko aliwachekesha watu kwa zaidi ya miaka kumi katika Papa Shirandula, akiwa mlinzi aliyemficha mkewe kazi yake halisi. Alifariki Julai 18, 2020. Mauti hayasubiri mwandishi amalize. Lakini michezo mingi haifi kwa msiba, inaachwa tu.

Anayedhani kicheko hakiwezi kubeba mwisho mzito aitazame M*A*S*H ya Marekani, mchezo wa madaktari wa hospitali ya jeshi katika vita vya Korea. Ulianza 1972, ukachekesha kwa miaka 11, mirefu kuliko vita vyenyewe. Usiku wa Februari 28, 1983 Wamarekani zaidi ya milioni 100 walikaa kuuaga. Hawkeye, daktari mwenye utani kuliko wote, anaonekana amelazwa kwa maradhi ya akili. Anasimulia kuhusu kuku aliyenyamazishwa ndani ya basi ili adui asiwasikie, na polepole anakumbuka kwamba hakuwa kuku. Alikuwa mtoto mchanga, na aliyemnyamazisha ni mama yake mzazi. Pale mtazamaji anaelewa utani wote wa miaka ile ulikuwa unaziba nini. Helikopta inapompeleka kwao, chini anaona neno la kwaheri ambalo rafiki yake amelipanga kwa mawe. Kipindi cha namna hiyo kinakurudisha nyuma ukavitazame upya vyote ulivyovicheka.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza hili. Hadithi za Sungura ni vichekesho vitupu, lakini bibi aliyetusimulia hakuwahi kuinuka katikati akaenda kulala. Alimfikisha Sungura mwisho wake, akatamka kwamba hadithi imekwisha, ndipo akaufunika moto.

Yule jirani yetu na wenzake mwisho waliutunga wenyewe, wakisubiri zamu kwenye mashine ya kukoboa. Mmoja alimuua dereva mlima Kitonga. Mwingine alimwozesha mke mpya Tunduma. Bibi alizikataa hadithi zote mbili. Kwake yeye dereva alirudi usiku wa mvua, na doti ya khanga kwapani, mtoto akiwa ameshaota meno. Mke akamfungulia mlango, hakusema kitu, akaenda kuteka maji ya kumnawisha.