Namba ya Umri Katika Vitu vya Kuchezea Watoto

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi katika sisi huliona dogo, nalo ni namba ya umri iandikwayo juu ya masanduku ya vitu vya kuchezea watoto.

Idi ikikaribia, mzazi huingia dukani akachagua kigari kizuri, akalipa, wala asitazame pembeni mwa sanduku. Akiambiwa kuwa kigari hicho ni cha miaka 3 na zaidi, na mwanawe ana miaka 2, hujibu kwa furaha: "Mwanangu ana akili kuliko umri wake."

Jawabu hilo halihusiani na namba ile. Watengenezaji hawakupima akili ya mtoto. Walitazama wembamba wa koo lake, na desturi yake ya kutia mdomoni kila akionacho. Mwerevu na mzito wa kufahamu, wote wawili huweza kusongwa na gurudumu moja.

Yafaa tujue kuwa maandishi hayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni shauri, kama vile "miaka 5 mpaka 8", ambalo huonyesha mchezo utamfaa nani, na hapo mzazi aweza kutumia rai yake. Namna ya pili ni onyo: duara jekundu lenye uso wa mtoto na namba 0-3, lililokatwa kwa mstari. Maana yake, asipewe mtoto ambaye hajatimiza miezi 36. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2009 yataka hata sababu ya onyo itajwe, kama vipande vidogo au kamba ndefu. Katika onyo hapana nafasi ya rai.

Huko Marekani, tangu mwaka 1980, vitu vya watoto wa chini ya miaka 3 hupimwa kwa bomba lenye upana wa milimita 31.7. Kitu kikienea chote ndani yake, au kipande kilichovunjika kikaenea, hakiruhusiwi kuuzwa kwa watoto hao. Nasi nyumbani twaweza kutumia kibomba cha karatasi ngumu kilichomo katikati ya karatasi ya chooni: kila kipitacho humo kiwekwe mbali na mtoto mdogo.

Tena nyumba zetu zina watoto wa rika mbalimbali. Kaka wa miaka 7 hutawanya vipande vyake mkekani, na mdogo wake atambaaye yuko nyuma yake. Basi umri wa kutazamwa ni wa yule mdogo kuliko wote awezaye kukifikia kitu. Nanyi vijana, mkimaliza kucheza, okoteni vyote.

Vitu vingi sokoni huuzwa bila sanduku. Hivyo vivuteni macho na magurudumu kabla ya kulipa, na mtazame kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skurubu. Betri ndogo ya duara ikikwama kooni huweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa 2. Sumaku mbili zilizomezwa huvutana tumboni na kutoboa matumbo. Mtoto akimeza kimojawapo katika hivi, asitapishwe wala isingojwe asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Mtoto ni amana, na kusoma ubavu wa sanduku hakuchukui hata dakika moja.