Sumaku Si Shahidi: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu Vyuma

Anayejenga nyumba au kuagiza geti husikia mengi kabla hajatoa pesa. Muuzaji ana lake, fundi ana lake, na jirani aliyejenga mwaka juzi ana lake pia. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanadumu. Kasoro yao ni moja: huchukua sifa moja ya metali na kuifanya itoe ushahidi juu ya sifa nyingine. Haya ni sita yanayorudiwa sana.

Dai la 1: "Sumaku ikinasa, hiyo si stenlesi halisi."

Kinachokipa chuma haki ya kuitwa stenlesi ni kromiamu, kuanzia asilimia 10.5 hivi. Sumaku haipimi kromiamu. Huitikia jinsi atomu zilivyojipanga, na mpangilio huo hubadilishwa zaidi na nikeli. Daraja la 304, lenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, halivutwi na sumaku. Daraja la 430 lina kromiamu inayokaribia hiyo, halina nikeli, nalo hunasa barabara. Ni stenlesi halali. Visu vya stenlesi hunasa pia, kwa sababu aina inayokubali kufanywa ngumu hadi ishike makali ndivyo ilivyo. Hata chuma alichotengeneza Harry Brearley huko Sheffield mwaka 1913, kinachotajwa sana kuwa mwanzo wa biashara yote hii, kilikuwa cha aina inayonasa.

Upande wa pili wa dai hili ndio unaomtia mnunuzi hasara. Daraja la 201 limepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi ili bei ishuke. Sumaku hailinasi, na muuzaji atakuonyesha hilo kwa fahari, lakini likikaa pwani hushika kutu mapema kuliko 304. Jaribio la sumaku basi linaweza kukukatalia 430 inayofaa kabisa kwa kazi ya ndani, likakupitishia 201 kwa reli ya kibaraza kinachotazama bahari. Tena, ukiisogeza sumaku kwenye kona ya sinki la 304, pale chuma kilipokunjwa na kuvutwa, utaihisi ikishika kidogo. Kukunjwa kumebadili mpangilio wa atomu. Kromiamu iko palepale.

Dai la 2: "Stenlesi haishiki kutu."

Hushika. Kromiamu ikikutana na hewa hujenga utando mwembamba usioonekana, na ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe maadamu oksijeni ipo. Adui yake mkubwa ni chumvi, ambayo huutoboa utando huo vitundu vidogo vidogo. Ndiyo sababu kazi za baharini hudai daraja la 316, lililotiwa asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni.

Itazame kwa karibu reli ya ngazi iliyokaa ufukweni kwa muda. Mabomba bado yanang'aa. Ukahawia umeanzia kwenye viungo. Moto wa kuchomelea huacha michirizi ya rangi ya dhahabu na samawati, na chini ya michirizi hiyo kromiamu imepungua. Mara nyingi kuna kosa jingine juu yake: kiungo kimesawazishwa kwa diski ileile ya grenda iliyotoka kukata chuma cha kawaida, na chembe za chuma hicho zikapachikwa kwenye stenlesi. Mvua ikinyesha, chembe hizo ndizo zinazogeuka madoa. Hapo wa kulaumiwa ni diski, wala si kiwanda.

Dai la 3: "Bati la geji kubwa ndilo nene."

Ni kinyume chake. Namba za geji zilianzia kwenye uvutaji wa waya: kila waya ulipopitishwa kwenye tundu jingine ulizidi kukonda, na namba ikapanda. Geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 ni takriban 0.3, na geji 32 ni nyembamba zaidi. Kumbuka pia kwamba geji haisemi lolote kuhusu zinki iliyopakwa juu, nayo zinki ndiyo inayojitoa mhanga ili chuma kilicho chini kisiliwe. Bati nene lenye zinki kiduchu linaweza kuoza mapema kuliko jembamba lililopakwa vizuri.

Dai la 4: "Nondo iliyoshika kutu usiitumie."

Kuna kutu na kutu. Vumbi la kahawia linalobaki kiganjani baada ya nondo kulala mvuani wiki chache halipunguzi nguvu yake, wala haliizuii kushikana na zege. Kutu inayobanduka magamba ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa huenda nondo imeshakonda. Isugue kwa brashi ya waya, kisha pima kipenyo kilichobaki.

Hatari kubwa zaidi haiji na nondo. Zege bichi lina ualikali mkali, pH ya 12.5 au zaidi, na ualikali huo huivika nondo utando unaozuia kutu kwa miaka mingi. Mchanga wa baharini usiooshwa, au maji ya kisima yenye chumvi, huleta kloraidi inayouvunja utando huo. Kutu ikishaanza huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na zege, ambalo halijui kutanuka, hupasuka. Ndiyo ile mipasuko mirefu kwenye nguzo za nyumba za pwani inayofuata mstari wa nondo, hadi vipande vinadondoka na chuma kinabaki uchi. Mwenye nyumba ya namna hiyo huenda aliikagua nondo moja moja dukani, kisha akaliacha lori la mchanga limwage mzigo bila kuuliza umechotwa wapi.

Dai la 5: "Nyaya za kwenye nguzo ni shaba, maana shaba hupitisha umeme kuliko metali zote."

Anayeongoza kwa kupitisha umeme ni fedha. Shaba ni ya pili. Na nyaya tupu za njia kubwa za umeme kwa kawaida ni alumini. Ukiukata waya wa aina hiyo utaona nyuzi za alumini zimesokotwa kuzunguka kiini cha chuma: alumini hubeba umeme, chuma hubeba uzito. Kwa unene uleule alumini hupitisha kama asilimia 60 ya umeme unaopitishwa na shaba, lakini uzito wake haufiki theluthi ya ule wa shaba. Kilo kwa kilo, alumini hupitisha umeme karibu mara mbili ya shaba.

Ndani ya nyumba hesabu hugeuka. Alumini hulegea kwenye skrubu za soketi kadiri miaka inavyopita, na uso wake hujivika oksidi isiyopitisha umeme; kiungo hupata joto, na joto likizidi huwa moto. Huko shaba inastahili bei yake, ila hakikisha ni shaba kweli. Kwaruza waya kwa kisu: wekundu ukiisha na weupe ukajitokeza, umeuziwa alumini iliyovikwa shaba.

Dai la 6: "Sufuria ya alumini ni sumu."

Alumini safi nayo ina utando wake wa oksidi. Ndimu, ukwaju na nyanya huuyeyusha kidogo, kwa hiyo ni vyema mchuzi mchachu usilazwe humo usiku kucha. Lakini kwamba sufuria hizo huleta ugonjwa wa kusahau uzeeni, hilo halijathibitishwa.

La kuulizwa ni nini kiliingia kalibuni. Sufuria nyingi za kusubu hutokana na vyuma chakavu vilivyochanganywa: vipande vya injini, rejeta, vifaa vya umeme. Utafiti wa Kameruni uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta sufuria za namna hiyo zikitoa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kuisugua sufuria kwa mchanga hadi ing'ae hakusaidii, kwa maana risasi imechanganyika na metali yote.

Ukiyaweka madai haya pamoja, utaona yote yanajibiwa kwa maswali matatu: imechanganywa na nini, ina unene gani, na itakaa wapi. Mng'ao, uzito na sumaku havijibu hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike daraja na unene kwenye risiti: "304, mm 1.5", na si "stenlesi" tu. Anayejua anachouza ataandika papo hapo. Anayeanza kutafuta sumaku ameshakujibu.