Kumkumbuka Ben Ferencz, Wakili Aliyeshinda kwa Makaratasi

Vijana wetu, mzee huyu alifariki tarehe 7 Aprili 2023 huko Florida, Marekani, akiwa na miaka 103. Ilikuwa Ijumaa, katikati ya Ramadhani, na huenda habari ilikupita. Jina lake Benjamin Ferencz: wakili, mwanajeshi wa zamani, mume wa mke mmoja kwa miaka 73, baba wa watoto wanne. Tena Myahudi. Najua kuna atakayeuliza, sasa huyu anatuhusu nini sisi? Soma kwanza, hukumu baadaye.

Alizaliwa Machi 1920 huko Transylvania, Romania, wazazi wakamhamisha New York akiwa bado mchanga. Baba yake alikuwa fundi viatu. Kule ufundi wake haukumlisha, akaishia kuwa mtunzaji wa jengo la wapangaji, na familia ikakaa chumba cha chini kabisa, kwenye mtaa uliojulikana kwa wahuni. Kijana akasoma hadi Harvard, akamaliza sheria mwaka 1943. Kwa kimo hakuzidi sana futi tano.

Akaingia jeshini kama askari wa kawaida, kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege. Alishuka Normandy, akapigana mpaka ndani ya Ujerumani. Baadaye wakubwa wakakumbuka kwamba huyu mfupi alisomea jinai za kivita chuoni, wakampa kazi nyingine: afike kwenye kambi za mateso pale tu zinapokombolewa, akusanye ushahidi. Aliingia Buchenwald. Aliingia Mauthausen. Aliona maiti zimerundikwa kama kuni, na walio hai huwezi kuwatofautisha na wafu. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kambi kutafuta rejista. Nani aliletwa, lini, nani kafa, nani alikuwa msimamizi. Alijua machozi hayasimami mahakamani.

Vita vikaisha, akarudi nyumbani, akaoa. Halafu akaitwa tena Ujerumani, safari hii kama raia. Mwaka 1947, mjini Berlin, watu wake walikuta mafaili ya ripoti za siri za vikosi vilivyofuata nyuma ya jeshi la Hitler vikiua Wayahudi, Waromani na wengine, kijiji baada ya kijiji. Wauaji wenyewe ndio walioandika. Tarehe, mahali, kikosi gani, wangapi wameuawa. Ferencz akachukua kimashine cha kujumlisha, akaanza kuhesabu. Alipopita milioni moja akaacha. Inatosha, akasema moyoni, akapanda ndege kwenda Nuremberg kumwona mkubwa wake.

Mkubwa wake, Telford Taylor, hakuwa na wakili wa kumpa kesi hiyo. Ferencz akasema ataifanya mwenyewe, juu ya kazi aliyokuwa nayo. Alikuwa na miaka 27, na hajawahi kusimamia kesi hata moja maishani mwake.

Kesi ilifunguliwa Septemba 1947. Washtakiwa 22 walisimama kujibu, na usidhani walikuwa majambazi wa vichochoroni. Kulikuwa na mawakili, wasomi, hata mmoja aliyewahi kuwa mchungaji wa kanisa. Mmoja wao, Otto Ohlendorf, alikuwa msomi na baba wa watoto watano, na alikuwa amekiri mwenyewe kwamba kikosi chake kiliua watu wapatao elfu 90. Ferencz alimaliza upande wa mashtaka kwa siku mbili. Hakuleta manusura hata mmoja kulia mbele ya majaji. Alileta karatasi zao wenyewe, zenye saini zao wenyewe. Wote 22 walipatikana na hatia, na 14 wakahukumiwa kifo. Yeye hakuwa ameomba kifo. Baada ya hukumu alishuka chini kumwona Ohlendorf, akamuuliza kama kuna ujumbe wowote wa kuwapelekea watu wake. Hebu fikiria hilo. Mtu ana watu wa ukoo wake waliokuwa kwenye orodha ya kuuawa, naye anamuuliza muuaji kama familia yake inahitaji kitu.

Hapa ndipo tunapomkumbuka sisi. Manake ni rahisi kutetea mahakama wakati mshtakiwa ni mtu wako. Ferencz aliitetea kwa wale waliotaka kumfuta yeye na kabila lake, kisha akaitetea hata dhidi ya nchi yake. Marekani ilipoivamia Iraki, alisema Bush naye ana la kujibu mahakamani kama Saddam. Osama bin Laden alipouawa mwaka 2011, nchi nzima ikishangilia, mzee huyu alisema kumuua mtu aliye mikononi mwako na asiye hatari ya papo hapo ni jinai, awe nani. Januari 2020, akiwa na miaka 99, aliandika gazetini kulaani kuuawa kwa jenerali wa Iran, Qasem Soleimani. Hakuna aliyeweza kumwita msaliti. Mtu kashuka Normandy, utamwambia nini?

Sasa turudi kwetu. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa Agosti 2012 akiwa bado ana kesi mahakamani. Abubakar Shariff, Makaburi, aliuawa Aprili 2014 karibu na mahakama ya Shanzu. Ukikubaliana na mahubiri yao au usikubaliane, jambo ni moja: wote wawili walikuwa mlangoni kwa hakimu, na hakimu hakupewa nafasi ya kumaliza. Na aliyefyatua risasi hajahukumiwa.

Halafu zile kesi za The Hague. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa 2007, Wakenya sita wakatajwa. Desemba 2014 kesi moja ikaondolewa, Aprili 2016 nyingine ikaanguka. Upande wa mashtaka ulilalamika kwamba mashahidi walitishwa na kuhongwa, na kweli wapo waliogeuza maneno kizimbani. Wengi wetu tulilaumu mahakama. Sawa. Lakini kesi inayosimama juu ya mdomo wa shahidi maskini, asiye na ulinzi, ni nyumba ya makuti kwenye upepo. Karatasi hupotezwa, ndiyo, ila haibadilishi maneno kwa sababu imepigiwa simu usiku.

Kwa hivyo ndugu yako akichukuliwa na watu wasiojitambulisha, usianze na kuandika mitandaoni. Anza na saa, tarehe, mahali, namba ya gari, mavazi, nani mwingine aliona. Nenda kituoni upewe namba ya OB, na wakikunyima, andika umenyimwa na nani na saa ngapi. Weka nakala kwa mtu mwingine nje ya nyumba yenu. Ni kazi inayochosha na haina makofi.

Mahakama ya The Hague yenyewe Ferencz aliipigania kwa miongo mingi, akiandika vitabu, akiwasumbua mabalozi kwenye korido. Mkataba wake ulipitishwa Roma mwaka 1998, na nchi yake mpaka leo si mwanachama. Agosti 2011 alialikwa kusema mwishoni mwa kesi ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, ya Thomas Lubanga, aliyeandikisha watoto jeshini huko Ituri, Kongo. Alikuwa na miaka 91. Lubanga alipatikana na hatia mwaka uliofuata, akafungwa miaka 14.

Na Gertrude? Walioana 1946, akamfuata kwenye magofu ya Ujerumani, na watoto wote wanne wakazaliwa Nuremberg, mji uleule wa kesi. Mzee alipenda kujigamba kwamba hawakuwahi kugombana, na wenye ndoa mtaamua wenyewe kama mnamwamini. Gertrude alitangulia mwaka 2019. Mwana wao wa kiume, naye mwanasheria, bado anasukuma lile jambo la baba yake, kwamba anayeanzisha vita vya uchokozi asimame kizimbani kama muuaji mwingine yeyote.